Umeme wa Kebo ya Mtandao na Vifaa vya Volti Ndogo



Kamati za parokia zinapoleta kwetu maombi ya vifaa vya mtandao, mara nyingi huuliza swali moja: je, ni lazima kununua hivi vidude vya kupunguza umeme, au fundi anaweza kuunganisha waya moja kwa moja na fedha hiyo ikaenda kwenye saruji? Wafadhili nao wanaposoma bajeti hukuta mstari ulioandikwa "splita na vipunguza volti" na kudhani ni ziada inayoweza kukatwa. Makala hii ni kwa ajili ya pande zote mbili. Mstari huo kwa kawaida ni mdogo kuliko yote katika bajeti, lakini ukikatwa, vifaa vilivyogharimu fedha nyingi hubaki stoo au huungua siku ya kwanza.

Tuanze na mazingira yenyewe. Katika parokia nyingi za vijijini intaneti hupokelewa mahali pamoja, yaani ofisi ya Baba Paroko au ya mhasibu, kwa sababu hapo ndipo penye umeme wa uhakika. Antena iko juu ya mnara wa kengele, au juu ya nguzo karibu na tangi la maji. Zahanati iko mita sitini au themanini kutoka hapo, na shule iko upande wa pili wa uwanja. Mahali ambapo vifaa vinatakiwa kukaa hapana soketi. Hakuna aliyefikiria kuweka soketi juu ya mnara wa kengele wakati kanisa linajengwa, na kumpandisha fundi akavute waya wa volti 230 hadi kule ni gharama na ni hatari, hasa nyakati za mvua.

Ndiyo maana umeme hupitishwa ndani ya kebo ile ile inayobeba mawasiliano. Kebo ya mtandao ina nyaya nane nyembamba za shaba, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Nyaya hizo zinaweza kubeba mawasiliano na umeme kwa wakati mmoja bila kimoja kukivuruga kingine. Kwenye maboksi ya vifaa utaona herufi PoE. Maana yake ni hiyo tu, umeme kupitia kebo ya mtandao.

Kwa nini volti 48?

Wasomaji wenye umri watakumbuka simu za mezani za zamani. Umeme ulipokatika mji mzima, simu iliendelea kuita. Sababu ni kwamba simu ilipata umeme wake kutoka kwenye betri za kituo cha simu, kupitia waya zile zile za sauti, na betri hizo zilipangwa kutoa volti 48. Ni volti za kutosha kusafiri mbali, na bado ziko chini ya volti 60 za umeme wa mkondo mmoja, kiwango ambacho wataalamu wamekiweka kama mpaka wa usalama kwa vifaa vinavyoguswa na watu. Mwaka 2003, taasisi ya kimataifa ya wahandisi inayoitwa IEEE ilipopitisha kanuni ya kwanza ya umeme wa kebo ya mtandao, ilichagua volti za eneo hilo hilo. Kanuni hiyo huandikwa 802.3af, na namba hiyo mtaiona kwenye maboksi.

Lakini vifaa vyenyewe havitumii volti 48. Ruta nyingi zinataka volti 12 au 9. Kamera ya ulinzi inataka 12. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo shule nyingi huitumia kuhifadhi vitabu na masomo bila intaneti, inataka volti 5. Na ndani kabisa ya kifaa chochote, chipu zenyewe hufanya kazi kwa volti 3.3 au pungufu ya hapo. Kwa hiyo, mahali fulani kati ya chanzo na chipu, volti 48 lazima zishushwe. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya PoE vina saketi ya kushusha ndani yake. Vile ambavyo havikutengenezwa hivyo vinahitaji kuwekewa saketi hiyo nje.

Hapa ndipo mwanakamati mwenye akili ya biashara huuliza: kama kifaa kinataka volti 12, si tupeleke volti 12 tangu mwanzo? Swali ni zuri, na jibu lake liko kwenye hesabu ndogo.

Kila waya unaukinza umeme kidogo, na mkondo unapokuwa mkubwa ndivyo volti zinavyopotea njiani. Ukinzani hupimwa kwa omu. Kebo nzuri ya shaba yenye urefu wa mita 100, ikitumia jozi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, huwa na ukinzani wa karibu omu 10 kwa safari nzima. Tuchukue kifaa cha wati 12. Kwa volti 12, kifaa hicho kinahitaji mkondo wa ampea 1. Ampea 1 ikipita kwenye omu 10, volti 10 zinapotea. Umetuma 12, zimefika 2. Kifaa hakiwaki. Sasa tuma volti 48. Kwa wati zile zile mkondo unaohitajika ni robo ya ampea tu, na hata tukiongeza kidogo kwa ajili ya hasara ya kipunguza volti, haufiki theluthi moja ya ampea. Volti zinazopotea njiani ni kama 3. Zinafika 45, na hapo mwisho wa kebo zinashushwa kuwa 12 safi.

TANESCO hufanya jambo hili hili kila siku. Umeme hauletwi kijijini kwa volti 230 kutoka mjini. Unakuja kwa volti 33,000 au 11,000, na transfoma iliyoko juu ya nguzo huushusha karibu na nyumba. Hakuna kamati iliyowahi kuomba transfoma iondolewe ili kupunguza gharama. Splita ni transfoma ya kijiji kwa kipimo cha kiganja.

Hesabu hiyo pia inaeleza tatizo ambalo limewasumbua mafundi wengi. Fundi anajaribu kifaa ofisini kwa kebo ya mita 2, volti 12 moja kwa moja, na kinawaka vizuri. Anapanda nacho mnarani, anakiunganisha kwa kebo ya mita 60, nacho kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Watu husema kifaa ni kibovu, au muuzaji ametapeli. Kifaa ni kizima. Kinapoanza kuwaka kinatumia mkondo mdogo na volti zinatosha. Kinapoanza kurusha mawimbi mkondo unapanda, volti zinashuka, kinajizima, na kuanza upya.

Waliotunga kanuni ya mwaka 2003 walilijua hilo, na waliweka namba zao kwa kuangalia kebo mbaya kabisa iliyoruhusiwa wakati ule, yenye omu 20 kwenda na kurudi. Chanzo kinatoa angalau volti 44 kwa mkondo usiozidi ampea 0.35, yaani wati 15.4. Njiani zinapotea volti 7. Kifaa kinapata volti 37, na 37 mara 0.35 ni wati 12.95. Ndiyo sababu ya namba hizo mbili za ajabu zinazoonekana kwenye vipeperushi vya wauzaji, 15.4 na 12.95: ya kwanza ni inayotoka, ya pili ni inayofika. Kanuni ya mwaka 2009, 802.3at, ilipandisha kiasi hicho hadi wati 30 kwenye chanzo na 25.5 kwenye kifaa. Ile ya mwaka 2018, 802.3bt, inafika hadi wati 90 na 71.3 kwa kutumia jozi zote nne. Kwa mahitaji ya zahanati na shule zetu, ile ya kwanza mara nyingi inatosha, na ya pili hutatua karibu kila kilichobaki.

Jinsi volti zinavyoshushwa

Kuna njia tatu ambazo mtazisikia kwa mafundi. Mbili kati yake hazifai.

Ya kwanza ni kuweka rezista njiani ili "ile" volti zilizozidi. Ubaya wake ni kwamba rezista hula kulingana na mkondo unaopita. Kifaa kikifanya kazi kwa nguvu, volti zinashuka kama ulivyopanga. Kikitulia usiku, mkondo unapungua, rezista haili tena sana, na kifaa kinajikuta kimeletewa volti nyingi kuliko kinavyoweza kuhimili. Kifaa kinaungua kikiwa kimepumzika, na asubuhi hakuna anayeelewa kilichotokea.

Ya pili ni chipu yenye miguu mitatu, 7805 kwa volti 5 au 7812 kwa volti 12, inayopatikana karibu katika kila duka la vipuri vya redio. Hii hutoa volti zisizoyumba, na kwa redio ndogo ni nzuri. Ila inashusha volti kwa kuzigeuza kuwa joto. Ukishusha 24 kuwa 5 kwa ampea 1, kifaa kinapata wati 5 na wati 19 zinaishia kuchemsha chipu. Chipu hiyo ingehitaji bati kubwa la kuipoza. Zaidi ya hayo, 7805 haikutengenezwa kupokea zaidi ya volti 35. Ukiipa 48 inakufa, na inapokufa inaweza kuziachia volti zote zipite hadi kwenye kifaa.

Ya tatu, ndiyo inayotumika ndani ya splita nzuri, ni saketi inayokata na kuunga. Ndani yake kuna transista inayofungua na kufunga umeme mara maelfu mengi kwa sekunde, na baada yake kuna koili na kapasita. Fikirini mama anayejaza ndoo kutoka kwenye bomba lenye nguvu sana. Anaweza kuacha bomba wazi na maji ya ziada yakamwagika. Hiyo ni njia ya 7805. Au anaweza kufungua kidogo, kufunga, kufungua, kufunga, na ndoo ikabaki kwenye kimo kile kile huku watu wakichota. Hakuna maji yanayomwagika. Saketi iliyo wazi robo ya muda tu hushusha volti 48 kuwa takriban 12. Hasara ipo, lakini ni ndogo. Saketi nzuri hufikisha asilimia 85 hadi 90 ya umeme iliyoupokea.

Tahadhari moja kwa wale wanaopenda kujiundia, maana vijana wetu wa ufundi ni wepisi na tunawapongeza kwa hilo. Vibao vidogo vya kushusha volti vyenye chipu ya LM2596 vinauzwa kwa bei nafuu na vinafanya kazi nzuri sana kwenye betri ya sola. Lakini chipu hiyo imetengenezwa kwa volti zisizozidi 40. Kuiweka moja kwa moja kwenye kebo ya PoE ya volti 48 ni kuiua. Kibao kinachotakiwa ni kile kilichoandikwa kupokea volti 60 au zaidi.

Hata kibao cha aina hiyo hakitoshi kwenye swichi ya kanuni, kwa sababu swichi hiyo haitoi umeme kwa mtu yeyote anayebisha hodi.

Salamu kabla ya umeme

Hili ni jambo linalofurahisha katika teknolojia hii, na ni vizuri kamati zilielewe kwa sababu linaokoa vifaa. Swichi inayofuata kanuni, kabla ya kutoa volti 48, hutuma kwanza volti kidogo sana, kati ya 2.7 na 10, na kupima kama upande wa pili kuna rezista ya takriban omu 25,000. Rezista hiyo ni kama salamu ya siri. Ikiipata, swichi hutuma volti kidogo zaidi ili kujua kifaa ni cha daraja gani na kitahitaji wati ngapi. Baada ya hapo ndipo inapofungua umeme wenyewe. Isipoikuta salamu, haitoi kitu. Kwa hiyo ukichomeka kompyuta ya kawaida kwenye swichi ya namna hii, kompyuta haidhuriki. Na kebo ikichomolewa, swichi hugundua kwamba hakuna anayekula umeme, ikakata kwa muda mfupi sana.

Splita iliyotengenezwa kwa kanuni ina rezista hiyo ndani yake. Inatoa salamu kwa niaba ya kifaa kisichojua lugha, inapokea volti 48, inazishusha kuwa 12 au 5, na kutoa ncha mbili: moja ya mawasiliano, moja ya umeme. Splita nzuri pia hutenganisha kabisa upande wa kebo na upande wa kifaa kwa transfoma ndogo, ili hitilafu ya upande mmoja isivuke kwenda mwingine.

Kuna jamii nyingine ya vifaa isiyofanya salamu yoyote. Chanzo chake hutoa volti zake muda wote, yeyote atakayechomekwa. Mafundi huuita umeme huo "pasivu", na volti zake mara nyingi ni 24. Antena nyingi za nje za Ubiquiti, kama zile za familia ya NanoStation M ambazo bado ziko juu ya minara mingi, hutumia mpango huu, na huja na kisanduku chake cheusi cha kuchomeka ukutani. Mpango wenyewe hauna ubaya ukitumiwa mahali pake. Hatari ni kuuchanganya. Kisanduku cha volti 24 kikichomekwa kwenye kamera au kompyuta isiyokitarajia, hakuna salamu itakayoiokoa. Na kinyume chake, antena ya volti 24 ya pasivu ikiwekwa kwenye swichi ya kanuni kwa kawaida haiwaki, kwa sababu haijui kusalimia. Inabidi kuwe na kibadilishaji katikati kinachopokea 48 kwa kanuni na kutoa 24 kwa pasivu. Vibadilishaji hivyo vinauzwa, na ni vidogo.

Antena za setilaiti za Starlink, ambazo zilianza kutoa huduma Kenya na Rwanda mwaka 2023, nazo hupitisha umeme ndani ya kebo, lakini kwa mpangilio wa kampuni yenyewe. Kebo na kisanduku chake visitumike kwa kifaa kingine hata kama plagi inaingia.

Parokia zinazotumia sola

Ambako umeme wa gridi haujafika, au umefika na kukatika kila jioni, hesabu inabadilika. Chanzo ni betri ya volti 12. Mpangilio tunaoukuta mara nyingi ni huu: betri inaingia kwenye inverta, inverta inatoa volti 230, kisanduku cha PoE kinazishusha kuwa 48, splita inazishusha tena kuwa 12. Umeme umetoka 12, umepanda 230, umeshuka 48, umerudi 12. Kila hatua inatoza ushuru wake. Tukisema kila hatua inafikisha asilimia 85, basi kati ya kila wati 10 zinazotoka kwenye betri, ni kama 6 tu zinazofika kwenye kifaa. Na bado hatujahesabu umeme ambao inverta hula kwa ajili yake yenyewe, usiku kucha, hata ikiwa na mzigo mdogo. Inverta inayokula wati 8 kwa kuwaka tu itakuwa imetumia saa-wati 192 ifikapo kesho saa kama hii, zaidi ya zile ambazo kifaa cha wati 6 kinahitaji kwa siku nzima, yaani 144.

Njia bora ni kuondoa inverta katika mnyororo huo. Kuna injekta na swichi zinazopokea volti 12 au 24 za betri na kuzipandisha zenyewe hadi 48 kwa ajili ya kebo. Zinagharimu zaidi ya kile kisanduku cheusi cha kawaida, na hapo ndipo kamati husita. Lakini paneli na betri ndivyo vitu ghali zaidi katika mradi wa sola, na kila wati inayookolewa ni sehemu ya paneli ambayo hamtainunua. Mfadhili akituuliza aweke fedha wapi, kwenye betri kubwa zaidi au kwenye injekta ya volti 12, tunamjibu injekta.

Wengine huuliza kama kifaa kilicho karibu na betri, chenye maandishi "volti 12", kinaweza kuunganishwa moja kwa moja bila chochote. Kumbukeni kwamba betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Jioni ikiwa imechoka inaweza kuwa 11.5, na mchana ikichajiwa inapanda hadi 14.4. Vifaa vingine vinavumilia, vingine havivumilii. Kipunguza volti kinachokubali kupanda na kushuka kwa betri na kutoa 12 zisizoyumba kinamaliza wasiwasi huo.

Na katika zahanati, tafadhali, umeme wa mtandao usichotwe kwenye paneli au betri ya jokofu la chanjo. Tunajua inavutia, kwa sababu mara nyingi ndiyo paneli kubwa kuliko zote pale. Mfumo wa jokofu umepimwa kwa ajili ya jokofu peke yake. Ruta ikizimika, takwimu za wagonjwa zitatumwa kesho. Chanjo zikipata joto, zimeharibika.

Kebo yenyewe

Tumezungumza sana kuhusu vifaa, lakini kebo mbovu huharibu yote. Madukani kuna kebo ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwa macho ni za shaba, na bei ni ya kuvutia. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa karibu nusu, kwa hiyo hesabu zote tulizofanya hapo juu zinaharibika, na nyaya zenyewe hukatika kirahisi zikikunjwa. Kuitambua si kazi. Chukua ncha ya waya mmoja, ukwangue kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyekundu, ni shaba. Ikiwa ni nyeupe, rudisha. Boksi lake pia ni jepesi isivyo kawaida ukilinyanyua. Kwa kebo inayopanda mnarani, chagueni ile yenye ganda jeusi la kuhimili jua. Zile za kijivu za ndani ya nyumba hupasuka baada ya misimu michache.

Splita haizuii radi. Hili linahitaji makala yake, lakini kwa parokia za Kanda ya Ziwa hasa, nguzo ya antena iwe na waya wa ardhini, na kebo iwe na kizuia radi mahali inapoingia ndani ya jengo.

Vifaa vya msaada

Vifaa vingi tunavyopokea kutoka kwa parokia rafiki za Ulaya vilitumika katika maofisi ambako umeme wote unatoka kwenye swichi. Simu za mezani za intaneti na vifaa vya kurusha Wi-Fi huuzwa huko bila adapta, kwa kuwa hakuna anayezihitaji. Vinapofika huku bila swichi ya PoE na bila adapta, vinaonekana vibovu. Viko stoo katika parokia zaidi ya moja, na vingi ni vizima. Kwa wafadhili tunaomba hivi: mnapofunga boksi, wekeni na chanzo cha umeme chenyewe, au tuandikieni namba zilizo kwenye kibati cha nyuma ya kifaa kabla ya kusafirisha. Tunafahamu kwamba hakuna anayetamani jina lake liandikwe kwenye adapta, bali mtandao wote wa zahanati unaweza kuning'inia juu yake.

Kwa wanakamati, kibati hicho hicho ndicho cha kusoma. Kitaonyesha volti na ampea. Zidisheni namba hizo mbili mpate wati. Volti za splita lazima zilingane sawasawa na za kifaa. Ampea za splita ziwe sawa au zaidi. Zikizidi hazidhuru, kwa sababu kifaa huchukua kile kinachohitaji. Angalieni pia mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au nje. Splita nyingi huweka chanya katikati, lakini si vifaa vyote vinavyokubali hivyo.

Mfano wa hesabu: Raspberry Pi 4 ya maktaba ya shule inatakiwa iwe na chanzo cha volti 5 na ampea 3, yaani wati 15. Splita ya kawaida ya kanuni ya mwaka 2003 hutoa volti 5 kwa ampea 2.4, ambazo ni wati 12. Itawaka, na siku wanafunzi arobaini wakifungua masomo kwa pamoja huku diski ya nje imechomekwa, inaweza kuzima. Hapo inunuliwe splita ya 802.3at, na swichi nayo iwe ya 802.3at, maana splita haiwezi kutoa kisichoingia. Muulizeni muuzaji pia kasi ya splita. Nyingi za bei ya chini hupitisha mawasiliano kwa megabiti 100 tu kwa sekunde. Kwa simu na kamera inatosha, kwa kiungo kikuu kati ya ofisi na shule haitoshi.

Kabla fundi hajachomeka kifaa chochote kipya, awepo mwanakamati mmoja na multimita. Splita iwashwe kwanza ikiwa peke yake, plagi yake ipimwe, na namba isomwe kwa sauti. Ikisoma 12 na kibati kinasema 12, endeleeni. Kisha vyanzo vyote vya umeme vya parokia viwekewe alama, kwa kuwa visanduku vyeusi vyote hufanana na mtu wa kuvichanganya hakosekani. Rangi ya kucha inatosha: nyekundu kwa 48, njano kwa 24, nyeupe kwa 12, na doa la rangi hiyo hiyo kwenye kifaa kinachokitumia.